Video ya mhadhara inayouliza maswali: mwongozo kamili kwa wahadhiri wa Moshi na Arusha

Ukifungua Moodle (mfumo wa kozi za mtandaoni) ya chuo chochote kati ya Njiro ya Arusha na Soweto ya Moshi, kozi nyingi utakuta zina vitu vilevile: slaidi za mwaka juzi, mpangilio wa mada, na pengine kiungo cha video ya dakika 90 iliyorekodiwa ukumbini, maiki ikiwa mbali na mhadhiri akionekana mdogo mbele ya ubao. Wanafunzi huifungua usiku wa kuamkia mtihani, wanairuka hadi katikati, wanasikiliza kidogo, wanaifunga.

Mwongozo huu ni wa kitu tofauti. Ni video fupi ya somo inayosimama yenyewe kila baada ya dakika moja au mbili, inamuuliza mwanafunzi swali, na kulingana na jibu lake inamwacha aendelee au inamrudisha pale alipoteleza. Studio haihitajiki. Laptopu, simu na programu za bure zinatosha. Kinachochukua muda ni kufikiri kabla ya kurekodi, na kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopaparika, nitakaa hapo kuliko kwenye mambo ya kamera.

Mfano nitakaoubeba mwanzo hadi mwisho ni uchakavu wa mali za kudumu, yaani jinsi mali inavyopoteza thamani mwaka hadi mwaka, somo ambalo kila anayesoma uhasibu hulipitia mapema, awe Chuo cha Uhasibu Arusha au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wa chuo cha tiba cha KCMC au chuo cha wanyamapori cha Mweka abadilishe mada tu, hatua ni zilezile.

Swali lina kazi gani humo ndani

Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi nne za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Walikuta kwamba hata video iwe ndefu vipi, mtazamaji wa kawaida hakai nayo zaidi ya dakika 6. Takwimu hiyo watu huinukuu kama amri. Mimi naipunguzia uzito kidogo, maana wale walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari, na wengi hawakuwa na mtihani unaowasubiri. Mwanafunzi wako mwenye mtihani Jumatatu anaweza kuvumilia hata dakika 40. Tatizo ni kwamba anavumilia huku akili iko kwingine.

Ndiyo maana utafiti wa Karl Szpunar na wenzake wa Harvard, wa 2013, unanishawishi zaidi. Waliwaonyesha watu mhadhara wa takwimu wa dakika 21 uliokatwa vipande vinne. Wengine waliulizwa maswali mafupi kila kipande kilipokwisha, wengine hawakuulizwa. Walioulizwa walitangatanga kimawazo mara chache kuliko wasioulizwa, waliandika notsi zaidi, na mwishoni walifanya vizuri zaidi. Mhadhara ulikuwa uleule kwa wote.

Kwa mwanafunzi, basi, swali linamrudisha kwenye somo. Lakini anayefaidika zaidi, kwa maoni yangu, ni mhadhiri. Majibu ya video yanakuonyesha darasa limepotelea wapi kabla hujaingia darasani, si wiki kumi baadaye ukiwa na rundo la kusahihisha. Ukiitengeneza video kwa lengo hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Hatua ya kwanza: chagua mada inayowaangusha

Usianze na mada ya wiki ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Toa karatasi za mwaka jana, au muulize mwenzako anayesahihisha sapu (mitihani ya marudio): ni swali lipi ambalo wanafunzi hulikosa kwa namna ileile kila mwaka? Hilo ndilo la kufanyia video. Mada inayoeleweka kwa kusoma kurasa mbili haihitaji video, na mada ya kubishana, kama maadili ya ukaguzi, inahitaji watu wakae pamoja wabishane.

Kisha kata. Uchakavu ni mada pana, na video moja haiwezi kuibeba yote. Hapa nimechukua njia mbili tu, ya mstari mnyoofu (kiasi kilekile kila mwaka) na ya salio linalopungua (asilimia ileile ya thamani iliyobaki), kwa mali moja, kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Kuuza mali katikati ya mwaka itakuwa video nyingine. Ukishindwa kuandika kwa sentensi moja kile ambacho mwanafunzi ataweza kufanya baada ya kutazama, bado hujakata vya kutosha.

Hatua ya pili: andika majibu mabaya kwanza

Hapa ndipo pa kutulia. Chukua kalamu na karatasi, laptopu iache imefungwa.

Chama cha msingi cha ushirika huko Machame kimenunua mashine ya kumenya kahawa kwa shilingi 12,000,000. Inatarajiwa kufanya kazi miaka 5, kisha itauzwa ilivyo kwa shilingi 2,000,000. Kwa njia ya mstari mnyoofu, uchakavu wa kila mwaka ni kiasi gani?

Jibu sahihi ni 2,000,000: toa kwenye bei zile 2,000,000 za kuiuza mwishoni (thamani ya mabaki), kisha gawa kwa 5. Sasa majibu mabaya, na haya usiyatunge kwa kubahatisha namba. Mwanafunzi atakayesema 2,400,000 amegawa 12,000,000 kwa 5 na kusahau thamani ya mabaki. Atakayesema 2,800,000 ameikumbuka thamani ya mabaki, ila ameijumlisha badala ya kuitoa. Wote wawili wamekosa, lakini maelezo ya kumsaidia mmoja hayamsaidii mwingine. Majibu ya namna hii unayapata kwenye karatasi zile za mwaka jana. Wanafunzi wenyewe wameshakuandikia.

Kila jibu baya liwe na sababu moja tu. Mwanzoni ni rahisi kuweka kiwango cha 20% kwa njia ya salio linalopungua, kwa kuwa miaka 5 na 20% vinaendana kichwani. Lakini 20% ya 12,000,000 ni 2,400,000, namba ileile ya aliyesahau thamani ya mabaki. Mwanafunzi akiichagua hutajua kama amesahau au amechanganya njia. Kwa hiyo kiwango weka 25%. Mwaka wa kwanza uchakavu unakuwa 3,000,000 na mwaka wa pili, 25% ya 9,000,000, ni 2,250,000. Swali la mwaka wa pili nalo linajipatia majibu mabaya yake: 3,000,000 ni ya aliyerudia bei ya kununulia, na 1,750,000 ni ya aliyetoa thamani ya mabaki kwanza kwenye 9,000,000. Ona namba zinavyotengana.

Kwenye kila swali ongeza pia chaguo la "Bado sijaelewa". Bila hilo, asiyejua atabonyeza chochote ili video iendelee, na ripoti yako itajaa kelele.

Maelezo yanayotokea baada ya jibu ndiyo ufundishaji wenyewe, kwa hiyo "Si sahihi, jaribu tena" haitoshi. Kwa aliyejibu 2,400,000 andika: "Umegawa bei yote. Mashine itauzwa 2,000,000 mwishoni. Je, hizo nazo zimechakaa?" Sentensi tatu fupi, ya mwisho iwe swali. Usimpe jibu hapo.

Kwa video ya dakika 6 maswali matatu yanatosha, manne ni mengi. Yapange hivi: la kwanza kabla hujaeleza chochote, karibu sekunde ya 50, mwanafunzi abashiri tu bila alama: mashine itapoteza thamani sawasawa kila mwaka, au zaidi mwanzoni? La pili baada ya njia ya kwanza. La tatu baada ya njia ya pili. Na usirudie namba ulizotumia kueleza. Ukieleza kwa pikipiki ya chama, uliza kwa mashine ya kahawa, la sivyo unapima kumbukumbu ya sekunde ishirini zilizopita.

Hatua ya tatu: maneno na slaidi

Andika utakachosema, neno kwa neno, hata kama darasani huongea bila karatasi. Kisha soma kwa sauti na ufute salamu, historia ya mada, na "kama tulivyoona wiki iliyopita". Video itatazamwa pia na wa mwaka ujao, kwa hiyo tarehe, semista na "mtihani wa Ijumaa" visiwemo.

Suala la lugha linaamuliwa na mtihani. Kama mtihani ni wa Kiingereza, istilahi na swali viwe vya Kiingereza, maana huko ndiko atakakopimwa. Lakini maelezo ya kumrekebisha aliyekosea yaandike kwa Kiswahili. Aliyekosa swali kwa sababu hakuelewa Kiingereza cha maelezo hatasaidiwa na Kiingereza kingine. Darasani tunafanya hivyo kila siku, sioni kwa nini video ijifanye haijui.

Kwenye skrini weka kidogo. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu akisoma maandishi yaleyale anayoyasikia, hujifunza vibaya kuliko akiona picha au hesabu huku akisikia maelezo. Na kwenye ule uchambuzi wa edX, video ambazo mkono unaandika na kuchora zilishikilia watu kuliko slaidi. Habari njema kwa asiye na vifaa: simu iliyolazwa juu ya rundo la vitabu, lenzi ikitazama chini, karatasi nyeupe na kalamu ya maka nyeusi, karibu na dirisha. Hesabu ya uchakavu ikiandikwa hivyo mstari kwa mstari inaeleweka kuliko slaidi zenye mishale inayoruka.

Hatua ya nne: kurekodi

Sauti kwanza. Picha mbaya mwanafunzi ataivumilia, sauti mbaya hataivumilia. Maiki ya earphone za simu, ikiwa umbali wa kiganja kutoka mdomoni, inashinda maiki ya laptopu. Tafuta chumba chenye mapazia na vitabu, si ukumbi mtupu unaorudisha sauti. Januari na Februari joto la Moshi litakushawishi uwashe feni. Zima, vumilia dakika 6. Wakati wa masika usijaribu kurekodi chini ya bati mchana. Alfajiri kabla bodaboda hazijaanza panafaa, ukiwa tayari kugombana na majogoo.

Kurekodi skrini ya laptopu tumia OBS Studio, ya bure. Kwenye mipangilio ya kurekodi chagua faili la aina ya MKV, si MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, au laptopu ikizimika, MKV hubaki na kila kilichokwisha kurekodiwa, ilhali MP4 iliyokatizwa mara nyingi haifunguki kabisa. Ukimaliza, OBS yenyewe inaigeuza MKV kuwa MP4 kwa sekunde chache kupitia menyu ya faili.

Rekodi kila kipande peke yake: utangulizi hadi swali la kwanza, kisha hadi la pili, hadi mwisho. Ukikosea unarudia dakika mbili tu. Mwisho wa kila kipande nyamaza sekunde mbili. Hapo ndipo swali litakapokaa. Kuunganisha vipande tumia programu yoyote ya kuhariri uliyoizoea, hata ya simu.

Hatua ya tano: punguza uzito, maana bando si lako

Hatua hii inarukwa, na ndiyo inayoamua nani atatazama.

Tuseme simu yako inarekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde. Dakika 6 ni sekunde 360, mara 17, gawa kwa 8: MB 765. Hakuna mwanafunzi wa Kiborloni au Sakina atakayeshusha MB 765 kwa somo moja, hasa bumu (mkopo wa kujikimu) likiwa limeisha na anaunga bando za siku. Video hiyohiyo ikibanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde inakuwa MB 22.5, na kwa karatasi na kalamu jicho haliioni tofauti kubwa. Video nane za semista nzima zinabaki MB 180.

Programu ya kubana ni HandBrake, nayo ya bure. Weka MP4, kodeki ya H.264, urefu wa picha kwenda juu pikseli 720, fremu 15 kwa sekunde, sauti ya chaneli moja kwa kilobiti 64, na ubora kati ya RF 26 na 28. Tia pia tiki kwenye "Web Optimized", ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Kisha itazame kwenye simu: kama tarakimu zinasomeka bila kukuza, umemaliza. Kama hazisomeki, kosa liko kwenye ukubwa wa mwandiko, usirudi kuongeza megabaiti.

Fikiria na upande wa chuo. Wanafunzi 120 wakifungua video ya MB 22.5 usiku mmoja, seva inatoa MB 2,700. Kwa faili la MB 765 ingekuwa karibu GB 92. Fundi wa TEHAMA atakupenda.

Hatua ya sita: kuingiza maswali kwa H5P

H5P ni zana huria ya kutengeneza maudhui yenye maswali, iliyoanzia Norway, na tangu Moodle 3.9 ya mwaka 2020 unaweza kutengeneza maudhui yake ndani ya Moodle yenyewe. Kama Moodle ya chuo ni nzito au intaneti inakatika, tengeneza kwenye laptopu kwa programu ya Lumi, pia ya bure. Ukishashusha aina za maudhui mara moja, inafanya kazi bila mtandao, nawe unapandisha faili la H5P ukiwa tayari.

Ndani ya Moodle, nenda kwenye benki ya maudhui ya kozi, ongeza, chagua Interactive Video. Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kupandisha video. Pandisha faili lako la MP4, usibandike kiungo cha YouTube kama unaweza kuepuka: faili lililo ndani ya kifurushi linaweza kushushwa kwenye app ya Moodle likatazamwa bila mtandao, kiungo cha YouTube hakiwezi. Moodle ikikataa kwa sababu ya ukubwa, kikomo kinawekwa na msimamizi wa mfumo, na kwa MB 22.5 hana sababu ya kukukatalia.

Sehemu ya pili ndiyo ya maswali. Sogeza video hadi kwenye ule ukimya wa sekunde mbili, bonyeza aina ya swali, bandika swali na majibu yako, na kila jibu ulipe maelezo yake. Hakikisha chaguo la kusimamisha video limewekwa tiki, vinginevyo swali litapita na video itaendelea. Kisha shuka hadi sehemu inayoitwa Adaptivity. Hapa unaiambia video akikosa irudi dakika gani, na kitufe kiandikwe nini. Kwa swali la mashine ya kahawa mrudishe pale unapoanza kuandika thamani ya mabaki, si mwanzo wa video. Kumrudisha mtu dakika tatu nyuma ni kumfukuza.

Chaguo mawili yana mtego. Kuna la kumzuia mwanafunzi asisogeze video mbele. Wengi hulipenda, mimi siliwashi, kwa sababu anayerudia usiku wa mtihani anataka sekunde 40 fulani tu, na ana haki nazo. Kuna pia la kumtaka apate alama zote kabla ya kuendelea. Ukiliwasha huku umezima kitufe cha kujaribu tena, anaweza kukwama hapo, na simu zitaanza kulia saa tano usiku.

Sehemu ya tatu, ya muhtasari, iache tupu kama huna sababu nayo.

Hifadhi, rudi kwenye kozi, ongeza shughuli ya H5P na uchague kifurushi chako kutoka benki ya maudhui. Kwenye alama utaulizwa ni jaribio lipi lihesabiwe. Ningechagua la juu kabisa, na alama zenyewe ziwe ndogo kwenye koswek (alama za kazi za semista), za kushiriki tu. Ukizifanya kubwa, majibu yatakuwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa kabla ya chakula cha mchana, na lengo la kujua wamepotelea wapi litakuwa limekufa. Hata hivyo majaribio yote yanabaki kwenye ripoti, kwa hiyo jaribio la kwanza bado unaliona.

Hatua ya saba: jaribu kwa simu ya bei ya chini

Kuitazama kwenye laptopu yako hakutoshi. Azima simu ya mwanafunzi, ile yenye kioo kilichopasuka, na uipitie yote kama mwanafunzi. Utagundua haraka kwamba maswali ya kuburuza vitu kwa kidole yanasumbua kwenye kioo kidogo. Ya kuchagua jibu yanatosha. Pitia pia kwa makusudi majibu yote mabaya, moja baada ya jingine, uone kama kila moja linarudi linapopaswa.

Kuna jambo linaloleta malalamiko kuliko yote. Mwishoni mwa video H5P huonyesha skrini ya kuwasilisha majibu, na alama haziendi Moodle mpaka mwanafunzi abonyeze kitufe hicho. Anayefunga simu mara sauti inapoisha ataonekana hakufanya. Sema hivyo kwa mdomo ndani ya video, sentensi ya mwisho kabisa, na umwambie CR (kiongozi wa darasa) aikumbushe kwenye grupu.

Kama darasani una mwanafunzi asiyesikia vizuri, andaa manukuu. H5P inakubali faili la aina ya VTT, na kwa kuwa uliandika maneno yako neno kwa neno, kazi iliyobaki ni kuweka nyakati tu.

Asiye na Moodle

Weka video YouTube kwa hali ya kutoorodheshwa, kila kipande peke yake, kisha fungua Fomu za Google. Sehemu ya kwanza ya fomu iwe na kipande cha kwanza na swali lake, na fomu yenyewe inaweza kumpeleka mwanafunzi sehemu tofauti kulingana na jibu. Si laini kama H5P, lakini muhtasari wake wa chati unaonyesha darasa zima kwa mtazamo mmoja. Kwa maabara ya kompyuta isiyo na mtandao, Lumi inaweza kutoa faili moja la HTML lenye video na maswali. Linazungushwa kwa flashi na kufunguliwa kwa kivinjari. Alama huzipati, ila mwanafunzi anapata somo. Na ukituma video kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa tena na tarakimu zitapotea.

Hatua ya nane: soma ripoti, kisha ubadilishe kipindi

Toa video siku tatu kabla ya kipindi, si usiku uliotangulia. Asubuhi ya kipindi fungua ripoti ya majaribio. Moodle itakuonyesha mwanafunzi mmoja mmoja na alichojibu, lakini shughuli ya kawaida ya H5P haikupi chati ya darasa zima kwa kila swali. Kwa wanafunzi 120 huwezi kuwasoma wote kabla ya chai. Chukua ishirini au thelathini wa kwanza kwenye orodha na uhesabu kwa vijiti: wangapi walisema 2,400,000, wangapi 2,800,000, wangapi walikiri hawajaelewa. Picha ya darasa unaipata.

Kama karibu wote wamepata, usilifundishe tena. Nenda moja kwa moja kwenye kuuza mali katikati ya mwaka. Kama wengi wamesema 2,400,000, anza na swali hilohilo ubaoni. Hapa naazima kwa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza mtindo huu 1991: waliopata wakiwa kati ya 30% na 70%, usieleze wewe. Waambie wageukiane, kila mmoja amshawishi jirani mwenye jibu tofauti, dakika mbili, kisha wapige kura tena. Ukumbi utakuwa na kelele. Iache. Chini ya 30% hakuna wa kumshawishi mwenzake, kwa hiyo eleza upya, kwa mfano mwingine, si kwa kucheza video ileile kwenye projekta.

Majina na makosa ya wanafunzi yaliyomo kwenye ripoti hiyo ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Onyesha idadi ubaoni, usionyeshe majina, na picha ya skrini ya ripoti isiende kwenye grupu. Wa vyuo vya afya waongeze umakini: uso au jalada la mgonjwa halina kazi kwenye video ya somo.

Baada ya semista

Pitia maswali matatu. Lililopatwa na karibu kila mtu katika jaribio la kwanza litoe, linawachelewesha tu. Lililokosewa na karibu wote, kabla ya kuwalaumu sikiliza sekunde thelathini zinazolitangulia. Mara nyingi neno moja limemezwa au tarakimu haionekani. Kama kuna jibu baya ambalo hakuna aliyelichagua, weka jingine ulilolikuta kwenye karatasi za mtihani mwaka huu. Mabadiliko haya hayahitaji kurekodi upya: unafungua kifurushi, unahariri swali, unahifadhi. Fanya hivyo kabla kozi haijaanza tena, kwa sababu ukibadilisha maswali wanafunzi wakiwa katikati, majaribio ya zamani na mapya hayatalingana.

Hifadhi mahali pawili maneno uliyoandika, vipande vya MKV kabla havijabanwa, na faili la H5P. Majina ya faili yaanze na msimbo wa kozi, si "video_mwisho_kabisa_2". Atakayepewa kozi hiyo wewe ukienda masomoni atahitaji kuyafungua bila kukupigia simu.